Mwanasiasa na Jiwe: Kapteni Cabreira na Maandishi ya Lango la Ngome ya Mombasa

Utangulizi

Msafiri anayeshuka kwa Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hatimaye hujikuta mbele ya kuta nene za Ngome ya Yesu. Aghalabu wageni huinua macho kuutazama ukubwa wa jengo, wakashangaa, wakapiga picha, kisha wakaingia ndani. Ni wachache wanaosimama langoni kulitazama jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno yenye tarehe ya mwaka 1639. Hata hivyo, jiwe hilo ni miongoni mwa matini kongwe za kisiasa zinazoonekana hadharani katika kisiwa cha Mombasa. Mwenyewe ni Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni wa ngome hiyo kuanzia mwaka 1635.

Makala haya yanadhamiria kumchunguza mtu huyo katika nyadhifa zake mbili: utawala na ujenzi. Cabreira hakuletwa Mombasa kwa kazi ya uhandisi. Cheo alichopewa kilikuwa cha utawala na vita. Lakini aliijenga upya ngome, akaongeza sehemu mpya langoni, kisha akaandika juu ya mlango habari zake mwenyewe. Katika historia ya ulimwengu, watu wa namna hii si wachache: wanasiasa ambao hawakuwa waashi wala wahandisi, lakini wakatumia mawe na chokaa kusema yale waliyotaka yasikike baada yao. Ili kumwelewa Cabreira vyema, makala yatamlinganisha na mwanasiasa mmoja wa Uingereza wa zama hizo, Sir Thomas Tresham. Hoja kuu ni kwamba jengo la mwanasiasa lina kauli mbili. Ipo kauli ya maneno yaliyochongwa, na ipo kauli ya umbo la jengo lenyewe. Msomaji makini hana budi kuzisikiliza zote mbili, kwa sababu mara nyingine hazisemi jambo moja.

Ngome kabla ya Cabreira

Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza tarehe 11 Aprili 1593. Aliyeichora ramani yake ni Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa kijeshi kutoka Milan, aliyekuwa mhandisi mkuu wa himaya ya Wareno katika Bahari ya Hindi. Wakati huo Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Philip wa Pili, ndiyo maana Mwitaliano huyo akawatumikia Wareno. Cairati alifariki Goa mwaka 1596.

Cairati alikuwa fundi aliyehitimu. Alichagua mwamba wa matumbawe unaoelekea mlango wa bahari, akapanga kuta na buruji nne kwa kufuata kanuni za ujenzi wa ngome zilizokuwa zimekomaa Italia. Buruji hizo zilipewa majina ya watakatifu: Filipe, Alberto, Matias na Mateus. Zilipangwa kwa namna ambayo askari aliyesimama katika buruji moja angeweza kuulinda ukuta wa buruji ya pili. Wengi huifananisha sura ya ngome hiyo, ikitazamwa kutoka juu, na mwili wa binadamu aliyelala chali. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba hofu ya Cairati ilikuwa mizinga. Unene wa kuta, pembe za buruji na handaki lililochimbwa upande wa bara, vyote vilimkabili adui anayekuja kutoka nje akiwa na silaha mkononi.

Hakutarajiwa adui anayebisha hodi.

Tukio la mwaka 1631

Wareno walipoiteka Mombasa waliuleta ukoo wa wafalme wa Malindi, rafiki zao wa tangu zamani, uje utawale kisiwani. Urafiki huo haukudumu. Mfalme Hasan bin Ahmad aligombana na makapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa uchochezi wa Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe, Yusuf bin Hasan, alichukuliwa angali mtoto akapelekwa Goa pia. Huko alilelewa na mapadri wa shirika la Augustino, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Katika miaka ya 1620 alirudishwa Mombasa akiwa mfalme Mkristo, mwenye kutarajiwa kuwa mtiifu.

Utiifu huo haukupatikana. Dharau za makapteni zilimchoma, na kumbukumbu ya baba yake haikumwacha. Yasemekana alionekana akiomba dua kwenye kaburi la babake kwa desturi ya Kiislamu, na habari hizo zikafika kwa kapteni. Mwezi wa Agosti mwaka 1631, katika siku za sikukuu ya Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni pamoja na wafuasi wake. Aliingia kwa mlango, kama mfalme anayemzuru kapteni. Ndani akamuua Kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake, na ngome ikawa yake. Katika siku zilizofuata Wareno wa mjini, pamoja na Waafrika waliokuwa wameingia Ukristo, waliuawa kwa mamia au wakachukuliwa mateka.

Mwaka uliofuata msafara mkubwa kutoka Goa ulikuja kuizingira ngome, ukashindwa, ukaondoka. Hata hivyo, Yusuf alitambua kwamba hangeweza kukaa daima. Mwezi wa Mei mwaka 1632 aliharibu alichoweza kuharibu, akapakia mizinga na watu katika vyombo, akatweka tanga. Mnamo Agosti Wareno walirudi wakaikuta ngome haina mtu. Yusuf aliendelea kuwasumbua baharini kwa miaka kadhaa, mpaka alipofariki karibu na mwaka 1638 katika pande za Bahari ya Shamu.

Hii ndiyo Mombasa aliyoikuta Cabreira: ngome iliyobomolewa, mji uliopungukiwa na watu, na mfalme aliyepinduka ambaye bado alikuwa hai baharini.

Cabreira mtawala

Kwa mujibu wa jiwe lenyewe, Francisco de Seixas de Cabreira alifanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, kwa muda wa miaka 4. Hivyo yakadiriwa kuwa alizaliwa karibu na mwaka 1608. Ujana wake ni jambo la kuzingatiwa. Alikabidhiwa pwani nzima iliyokuwa imetikisika, na alijua kwamba mafanikio yake hapo ndiyo yangekuwa ngazi ya kupandia vyeo vingine katika himaya.

Jiwe linayataja matendo yake moja baada ya jingine. Linasema kwamba aliijenga upya ngome na kuongeza nyumba ya walinzi. Linasema kwamba aliwarudisha watu wa pwani hii chini ya mfalme wa Ureno, baada ya kuwa katika uasi pamoja na mfalme wao dhalimu. Wafalme wanne waliingizwa katika kulipa kodi: wa Otondo, Mandra, Luziwa na Jaca. Miji ya Pate na Sio iliadhibiwa kwa mkono wake mwenyewe, na kuta zake zikabomolewa, jambo ambalo halikutarajiwa huko India. Wamuzungulo waliadhibiwa pia. Kisiwa cha Pemba kilirudiwa kwa ukali zaidi, maana huko aliwaua magavana waasi na wakuu wote wa mji, kwa amri aliyoichukua mwenyewe bila ya kungoja idhini.

Baada ya matendo hufuata malipo. Jiwe linaeleza kwamba kwa ajili ya huduma hizo alifanywa bwana wa nyumba ya mfalme, baada ya kuwa tayari amevishwa joho la Shirika la Kristo. Akapewa pensheni ya milreis 50 kwa mwaka, pamoja na ahadi ya ugavana wa Jafnapatam, yaani Jaffna katika Sri Lanka ya leo, kwa miaka 6. Mwishoni limetajwa jina la Pedro da Silva, aliyekuwa makamu wa mfalme huko Goa, na mwaka 1639.

Uhusiano wa Cabreira na pwani haukuishia hapo. Katika miaka ya mwanzo ya 1650 alirudi tena Mombasa akiwa kapteni. Mwaka 1652 Waomani waliwashambulia Wareno wa Unguja, na Cabreira ndiye aliyeongoza kisasi dhidi ya Unguja na Pemba. Mtu huyo, basi, alikuwa mwanasiasa wa himaya kwa kila hali: alijua kupigana, kutoza kodi na kuhesabu malipo yake.

Jiwe kama majigambo

Wanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili hawatapata taabu kuitambua sura ya matini hii. Ni majigambo. Katika majigambo mtu hujitaja jina, huhesabu matendo yake ya kishujaa, huwatweza wapinzani na kutaja mahali alipopigana. Jiwe la Cabreira lina sifa hizo zote. Umri wa miaka 27 umetajwa makusudi, ili msomaji astaajabu jinsi kijana alivyotenda makubwa. Maneno ya kudai kwamba adhabu ya Pate na Sio haikutarajiwa nayo ni chuku ya kimyakimya: hata wakubwa wa Goa hawakuwaza kwamba jambo hilo lingewezekana.

Ipo, hata hivyo, tofauti moja ya msingi. Majigambo ya wanajamii hutongolewa mbele ya hadhira. Fanani akipitisha mipaka, hadhira humcheka, na mpinzani wake huweza kusimama akamjibu. Mombasa ni mji wa malumbano, na wenyeji wake wanajua kwamba neno halijakamilika mpaka lijibiwe. Jiwe la lango halikungoja jibu. Lilisema kwa nafsi ya tatu, kana kwamba si Cabreira anayejisifu bali ni historia inayompa haki yake. Lilisema kwa lugha ambayo wengi wa walioadhibiwa hawakuweza kuisoma. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Hapa mwamba ngoma alikuwa pia mwenye patasi, mwenye mlango na mwenye askari wa kuulinda.

Msamiati wa jiwe nao unastahili kuangaliwa. Upinzani umeitwa uasi. Mfalme aliyerithi kiti cha babake ameitwa dhalimu, na jina lake halikutajwa kabisa. Mauaji ya wakuu wa Pemba yameitwa adhabu, nao majina yao hayakuandikwa. Msomaji akiyapokea maneno hayo bila ya kuyauliza, atakuwa amekubali hukumu ya kesi ambayo upande mmoja haukusikilizwa.

Lakini matini hiyo hiyo ina ushahidi ambao mwenyewe hakukusudia kuutoa. Ikisomwa kwa makini, orodha ya ushindi ni orodha ya waliokataa. Otondo ni Utondwe, katika pwani ya Tanzania ya leo inayokabili Unguja. Mandra ni Manda, katika visiwa vya Lamu. Sio ni Siyu, katika kisiwa cha Pate. Wamuzungulo ni jina la Wareno kwa watu wa bara lililo karibu na Mombasa, ambao wanahistoria wengi huwahusisha na mababu wa Wamijikenda. Kutoka Utondwe mpaka Siyu, kwa hiyo, jiwe limechora ramani ya pwani iliyogoma kulipa kodi kwa mgeni. Wakuu wa Pemba hawana majina juu ya jiwe, lakini kuuawa kwao kumethibitishwa na mkono wa aliyewaua.

Nyumba ya walinzi inasema nini?

Hadi hapa imezingatiwa kauli ya maneno. Imebaki kauli ya jengo. Maandishi ya Cabreira hayaelezi jinsi ngome ilivyotekwa mwaka 1631. Hayamtaji Kapteni Gamboa, wala kisu, wala mfalme aliyepita mlangoni. Kwa mtu aliyetaka kuonekana mshindi, hilo laeleweka: aibu ya himaya si jambo la kuchongwa juu ya lango.

Hata hivyo, ni lazima kuuliza ni kwa nini, kati ya kazi zote za ujenzi, alichagua kuitaja nyumba ya walinzi na kuliweka jiwe mahali hapo. Kuta za Cairati hazikushindwa na mizinga mwaka 1631. Hata msafara wa Goa wa mwaka 1632, uliokuja na meli na bunduki, ulishindwa mbele ya kuta hizo hizo zikiwa mikononi mwa Yusuf. Kwa maana hiyo ramani ya Cairati ilikuwa imefaulu mtihani. Kilichoshindwa ni mlango. Ngome iliyotengenezwa kumzuia adui wa nje ilitekwa na mtu aliyekaribishwa ndani.

Inaelekea, basi, kwamba nyumba ya walinzi ni jibu la mwaka 1631 kwa lugha ya mawe. Cabreira aliweka askari mahali ambapo Yusuf alikuwa amepita. Tangu hapo yeyote aliyeingia, awe mfalme, mfanyabiashara au mtumishi, alipaswa kupita mbele ya macho ya walinzi. Maneno yaliyo juu ya lango yanasema kwamba pwani imetulizwa. Chumba kilicho nyuma yake kinasema kwamba aliyeandika maneno hayo hakuwaamini majirani zake, na alimwogopa mfalme ambaye hakuthubutu kumtaja kwa jina. Hapa ndipo kauli mbili za jengo zinapohitilafiana, na ndipo msomaji anapopata kuijua hali halisi ya utawala wa Wareno baada ya uasi ule.

Ulinganisho: Sir Thomas Tresham

Tabia ya kuandika siasa kwa mawe haikuwa ya Wareno peke yao. Katika mwaka huo huo wa 1593, mbali sana na Mombasa, ulianza ujenzi wa nyumba ndogo ya ajabu katika kijiji cha Rushton, jimbo la Northamptonshire, Uingereza. Aliyeibuni ni Sir Thomas Tresham, aliyezaliwa mwaka 1543. Kama Cabreira, Tresham hakuwa fundi wa ujenzi kwa taaluma. Alikuwa bwana mwenye mashamba, aliyewahi kuwa mkuu wa serikali katika jimbo lake mwaka 1573 na kupewa heshima ya usira na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1575.

Mnamo mwaka 1580 Tresham alirejea katika Ukatoliki, wakati ambapo serikali ya Uingereza ilikuwa ikiwaandama Wakatoliki. Kisa cha kukamatwa kwake kilikuwa kumpa hifadhi padri Edmund Campion. Tangu mwaka 1581 aliishi kwa miaka mingi akiwa kifungoni au chini ya ulinzi, huku akitozwa faini nzito kwa kutohudhuria ibada za kanisa la serikali. Alipopata nafasi, alijenga. Nyumba ya Rushton, iliyokamilika mwaka 1597, ina kuta tatu. Kila ukuta una urefu wa futi 33. Ghorofa ni tatu, na kila upande una madirisha matatu kwa kila ghorofa. Hesabu hiyo ya tatu ni ishara ya Utatu Mtakatifu, na pia ni mchezo wa jina la Tresham, kwa kuwa katika Kilatini neno la tatu hufanana na silabi ya kwanza ya jina lake. Juu ya kuta yamechongwa maneno ya Kilatini ya maandiko ya dini. Karibu na mwaka 1595 alianza jengo jingine huko Lyveden, lenye umbo la msalaba. Alifariki mwaka 1605 kabla halijaezekwa, na mpaka leo limesimama bila paa. Miezi michache baadaye mwanawe Francis alikufa gerezani London kwa kuhusishwa na njama ya kulilipua Bunge.

Kuwalinganisha wanaume hawa wawili kunafundisha jambo. Dini yao ilikuwa moja, lakini mmoja aliishi chini ya serikali iliyoipiga vita na mwingine alikuwa mkono wa serikali iliyoieneza kwa upanga. Tresham alikatazwa kusema, kwa hiyo akayaficha maneno yake katika hesabu na maumbo. Cabreira aliruhusiwa kusema kila kitu, lakini akaficha lile lililomtia hofu. Jengo la Tresham linasema zaidi ya ilivyoruhusiwa na sheria. Jiwe la Cabreira linasema pungufu ya yaliyotokea. Katika hali zote mbili, umbo la jengo ndilo linalomfikisha msomaji kwenye ukweli ambao maneno peke yake hayaufikishi.

Wasiotajwa

Ipo sauti ya tatu ambayo haisikiki Rushton wala haisikiki langoni Mombasa. Ni sauti ya waliofanya kazi. Ngome ya Yesu ilijengwa na mafundi walioletwa kutoka Goa pamoja na vibarua wa pwani, hasa wa Malindi. Walikata matumbawe, wakachoma chokaa, wakachukua mawe juani. Jiwe la Cabreira linasema kwamba yeye ndiye aliyejenga upya. Kwa desturi ya lugha, kitenzi kujenga humwendea mwenye amri na kumwacha mwenye mikono.

Ndani ya ngome hiyo kuna maandishi ya namna nyingine. Katika buruji ya Mateus yaligunduliwa michoro ya ukutani iliyochorwa kwa makaa na udongo mwekundu, inayodhaniwa kuwa kazi ya askari wa Kireno wa karne ya 17. Ni michoro ya vyombo vya bahari, watu na wanyama. Imehifadhiwa na kuonyeshwa katika jumba la makumbusho la ngome. Haina majina wala vyeo. Askari wa zamu, aliyekuwa mbali na kwao, alichora chombo ambacho labda alitamani kimrudishe. Ukiiweka michoro hiyo kando ya jiwe la lango, unapata picha kamili zaidi ya ngome: juu ya mlango kuna majigambo ya kapteni, na ndani kuna upweke wa askari wake.

Kutoka ngome hadi gereza

Nyumba ya walinzi haikuiokoa ngome. Mwezi wa Machi mwaka 1696 Waomani waliizingira. Mzingiro ulidumu kwa takriban miezi 33, na maradhi pamoja na njaa vikawamaliza waliokuwa ndani. Tarehe 13 Disemba 1698 Waomani walipanda wakaingia. Wareno walirudi kwa muda mfupi mnamo 1728 na 1729, kisha wakaondoka moja kwa moja. Baadaye ngome ilikuwa makao ya watawala wa Kimazrui hadi mwaka 1837. Waingereza waliigeuza kuwa gereza mwaka 1895, ikabaki hivyo mpaka 1958, ndipo ikahifadhiwa kama mnara wa taifa na kuchimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Lugha ya Kiswahili imeihifadhi historia hii kwa njia yake. Neno gereza lenyewe linasemekana kutokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kule Kilwa Kisiwani, ngome ya zamani bado huitwa Gereza. Neno limesafiri kutoka kanisani hadi ngomeni, na kutoka ngomeni hadi kifungoni. Maneno mengine ya Kireno, kama vile meza, bendera, leso na mvinyo, yalikaa kwa amani majumbani. Kumbukumbu ya kuta, hata hivyo, ilibaki na maana ya kufungwa. Kapteni alichonga maneno yake juu ya jiwe, na wenyeji wakayachukua waliyoyahitaji kutoka katika lugha yake, wakayapa maana kulingana na yaliyowapata.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Francisco de Seixas de Cabreira alikuwa mwanasiasa aliyetumia ujenzi kuandika wasifu wake. Jiwe lake la mwaka 1639 ni majigambo yasiyongoja jibu, na ni mfano wa jinsi mtawala anavyoweza kuwaita wapinzani wake waasi mpaka vizazi vya baadaye vikaamini. Hata hivyo imedhihirika kuwa jiwe hilo halina budi kusomwa kwa pande zake zote. Maneno yake yamehifadhi majina ya miji iliyokataa kutawaliwa. Mahali lilipowekwa panakumbusha mlango aliopita Yusuf bin Hasan.

Upande wa pili haukuwa bubu pia. Pate, ambayo juu ya jiwe ni mji ulioadhibiwa tu, ina tarihi yake inayowahesabu masultani wake kwa majina. Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni kuziweka matini hizi pamoja, ili kapteni ajibiwe. Amekaa langoni kwa karne nyingi akizungumza peke yake, na kila siku watoto wa shule hupita chini ya maneno yake wakiwa na madaftari mkononi. Wakifundishwa kusoma wanachokipita, watajua kwamba hao walioitwa waasi walikuwa na makwao, na kwamba makwao hapo ndiko wao wenyewe wanakotoka.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha sifa za majigambo ya fasihi simulizi na sifa za maandishi ya lango la Ngome ya Yesu. Ni nini kinachopotea pale ambapo hadhira haiwezi kujibu?

2. Chagua jengo moja la umma katika mji wako lenye jiwe la ufunguzi. Ni nani aliyetajwa, ni nani asiyetajwa, na kitenzi gani kimetumika?

3. Jadili mabadiliko ya maana ya neno gereza. Yanatufunza nini kuhusu uhusiano wa lugha na historia ya pwani?